Uskoti ikijitenga, je, Orkney na Shetland zijitawale?

Mleta mada:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Katika kura ya maoni ya Septemba 2014, Uskoti ilikataa kujitenga na Uingereza kwa asilimia 55, lakini katika Orkney na Shetland, visiwa vilivyo kaskazini mwa Uskoti, waliokataa walifika asilimia 67 na karibu asilimia 64. Wanaodai uhuru husema kila watu wana haki ya kujiamulia mambo yao. Iwapo kura itarudiwa na wapiga kura wa Uskoti bara wakaupitisha uhuru, haki hiyo itaishia ufukweni? Tukumbuke kwamba visiwa hivyo viliwekwa rehani mwaka 1468 na 1469 na mfalme wa Denmark na Norway, ambaye hakuwa na fedha alizoahidi kutoa alipomwoza binti yake kwa mfalme wa Uskoti, na rehani hiyo haikukombolewa kamwe.

Mchangiaji wa kwanza:
Historia ya rehani inavutia, ila mimi nisingejenga madai ya leo juu yake. Ridhaa ya watu wanaoishi visiwani inatosha. Naunga mkono wajitawale, bila lazima ya kuunda dola. Finland ilipojitangazia uhuru Desemba 1917, wakazi wa visiwa vyake vya Åland, ambao husema Kiswidi, walitaka kuungana na Uswidi. Shauri lilifika Shirikisho la Mataifa, nalo mwaka 1921 likaamua visiwa vibaki Finland kwa sharti kwamba lugha, mila na mamlaka yao ya ndani vilindwe. Leo Åland ina bunge, bendera na stempu zake. Lililo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba bunge la Finland haliwezi kuibadili sheria ya mamlaka hayo bila ridhaa ya bunge la Åland. Linganisha na sheria ya visiwa ya Uskoti ya mwaka 2018, inayozitaka taasisi za umma kupima athari za maamuzi yao kwa visiwa: ni hatua njema, lakini sheria iliyotungwa na bunge la Uskoti lililoko Edinburgh yaweza kufutwa na bunge hilohilo.

Mchangiaji wa pili:
Nakubaliana nawe, ila utaratibu wa kura uamuliwe mapema. Majirani zetu wa Komoro, waliokuwa chini ya Ufaransa, wanajua gharama ya kuchelewa. Desemba 1974 karibu asilimia 95 ya wapiga kura wa visiwa vyote vinne walitaka uhuru, ilhali Mayotte peke yake takriban asilimia 64 waliukataa. Kura zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa ndipo bunge la Ufaransa lilipoweka sharti kwamba katiba mpya ikubaliwe kisiwa kwa kisiwa. Serikali ya Komoro ikajitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, Ufaransa ikabaki na Mayotte, na mgogoro haujaisha hadi leo. Tangu Ufaransa ilipoweka sharti la viza mwaka 1995, watu wengi wamezama wakivuka kwenda Mayotte kutoka kisiwa cha Anzwani cha Komoro kwa mashua ndogo za kwasakwasa, wengine wakiwafuata ndugu zao wa damu.

Mchangiaji wa tatu:
Tusisahau bahari, kwani mafuta na samaki ndivyo vinavyolipa uzito suala hili. Wapo wanaodhani Shetland ikibaki na London itaondoka na eneo lote la bahari linaloizunguka. Usuluhishi wa mwaka 1977 baina ya Uingereza na Ufaransa unaonyesha vinginevyo: visiwa vya Jersey na Guernsey, vilivyo chini ya Uingereza lakini karibu na pwani ya Ufaransa, vilipewa ukanda wa maili 12 tu za baharini upande wa kaskazini na magharibi. Shetland iko mbali zaidi na bara, kwa hiyo matokeo yaweza kutofautiana, lakini asiwepo wa kuwaahidi watu utajiri kabla mipaka haijachorwa.

Mleta mada:
Nashukuru. Nimeshawishika kwamba mamlaka ya visiwa yaandikwe katika rasimu ya katiba kabla ya kura yoyote, na yasibadilishwe bila ridhaa ya wenyewe. Visiwa vya Magharibi vya Uskoti, ambako waliokataa mwaka 2014 walikuwa asilimia 53 tu, viulizwe kivyake.