Re: Kulwa hana PSLE (mtihani wa taifa wa darasa la saba), shule za vipaji maalumu anaingiaje?

Mama Kulwa, Nyegezi:
Shikamooni wakubwa. Tumerudi Mwanza moja kwa moja. Kulwa kamaliza Year 6, mwaka wa mwisho wa msingi, Gravesend Uingereza, na Kent Test, mtihani wa kuingia grammar school za huko, kafaulu. Nimekwenda ofisi ya elimu mara tatu kuulizia shule za vipaji, Ilboru au Kibaha. Kwanza wakataka matokeo, nikapeleka barua ya Kent. Mara ya pili wakaulizia SFNA (upimaji wa darasa la nne) na namba ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi wa msingi. Jana wananiambia aanze darasa la saba. Mtoto kalia usiku kucha. Aliyepitia haya anisaidie, kuna njia nyingine?

Baba Neema, Chatham:
Pole mama. Hata huku kufaulu siyo kuingia. Neema alipita Kent Test, SCAF, fomu ya kuomba shule, tukaituma kabla ya Oktoba 31, kumbe shule tuliyoiweka ya kwanza inataka na SIF, fomu yake ya ziada. Machi 1 tukapewa ya nne. Rufaa tukashindwa. Bado naumia nikimwona anapita na sare ile. Kwetu Tanzania angalau PSLE ni moja, alama 250, kila mtu anajua alipo.

Mjomba, Leicester:
Baba Neema, 250 ni za zamani. Tangu 2021 masomo ni sita, alama 300. Na Ilboru hakuombwi nafasi kama huko Kent: matokeo yakitoka, TAMISEMI ndiyo inapanga.

Baba Neema:
Basi ajaribu Bwiru Wavulana, ni karibu na nyumbani.

Mjomba:
Bwiru ni ya ufundi, siyo vipaji. Nako wanapangiwa. Tusimchanganye mama wa watu.

Dada Ilemela, Reading:
Mmenikumbusha Bwiru Wasichana. Tranka la bati, ndoo, godoro kichwani, tunapandisha kilima huku ziwa linang'aa nyuma yetu. Baba aliuza ng'ombe wawili nisome. Nalitamani lile ziwa jioni, na dagaa wakikaangwa. Ila nawaza pia 2027, msingi ikiwa miaka sita kwa mfumo mpya, darasa la sita na la saba wakimaliza pamoja. Kidato cha kwanza watakaa wapi? Waliopitisha mfumo huo wamejenga madarasa?

Mjomba:
Hilo swali waulizwe wabunge wetu, na waulizwe mapema.

Mama Kulwa:
Ahsanteni wote. Kesho narudi ofisini. Lakini bila namba ya PREM, NECTA, baraza la mitihani, watamsajili kwa kipi? Hilo nalo hakuna anayelijua?

Dada Ilemela:
Mama Kulwa, ukipita Kirumba nisalimie.