Re: Barua za kazi na hizi "will" – msaada, wana Kampala

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Nimeanza kazi kwa wakala wa forodha hapa mjini. Barua zote ni Kiingereza. Bosi wangu hana maneno, ila kila nikimpelekea rasimu anafuta "will" na kuweka kitu kingine: mara "is arriving", mara "arrives", mara nyingine anaiacha ilivyo. Nikimuuliza sababu anasema ndivyo inavyosikika vizuri. Shuleni kwetu tuliambiwa -ta- ni "will", basi, somo likaisha. Kuna mwenye maelezo ya kueleweka? Na hawa wenzetu wanaosema "I'm coming" huku wanatoka mlangoni, hiyo ni sarufi gani?

– Mgeni wa Bukoto

* * *

Marahaba mdogo wangu, karibu Kampala.

Aliyewaambia -ta- ni "will" aliwapunja. Kitenzi cha Kiingereza chenyewe hubadilika kwa jana tu: "arrive", "arrived". Cha kesho hakina umbo lake, huombaomba: mara "will", mara "going to", mara umbo lilelile la leo. Kwa hiyo usitafute -ta- yao. Jiulize jambo lenyewe limefikia wapi sasa hivi unapoandika.

Limeshapangwa na watu wengine wanajua? Lori limepakiwa Mombasa, dereva yuko njiani, mteja ameambiwa: "The truck is arriving on Thursday." Na sisi tunafanya hivyohivyo, ukishakata tiketi unasema "kesho naenda Jinja". Likiwa ni la ratiba isiyokusubiri wewe wala mimi, weka umbo la kawaida: "The bus leaves at seven." (Hiyo "seven" ni saa moja yetu. Waganda nao wanahesabu ssaawa emu kama sisi, lakini tiketi huandikwa kwa saa za Kizungu, na watu wanaachwa na basi la Nairobi kwa sababu hiyo tu.)

"Will" iweke kwa uamuzi unaozaliwa mdomoni. Mteja anapiga simu kwamba hajaona hati, unajibu: "I'll send it now." Ukimjibu "I'm going to send it", anasikia kwamba ulikuwa nalo moyoni tangu asubuhi na hukutuma. "Going to" inafaa pia pale dalili ziko mbele ya macho: dereva amekutumia picha ya foleni pale Malaba, basi "The truck is going to be late." Kama huna picha, una hofu yako tu, sema "I think it will be late." Ahadi nayo ni "will".

Sasa lile linalotutambulisha Waswahili kutoka mbali: "When the truck will arrive, we will call you." Chanzo chake ni -takapo-. Sisi tunasema "lori litakapofika, tutakupigia", wakati ujao uko pande zote mbili na sentensi imekaa sawa kabisa. Kiingereza kinauweka upande mmoja tu: "When the truck arrives, we will call you." Hivyo hivyo kwa "if", "before", "after", "until", "as soon as". Dawa ninayowapa vijana wa ofisini kwangu ni kugeuza kwanza "litakapofika" kuwa "likifika", ndipo uandike. -ki- haikubebeshi -ta- yoyote, kwa hiyo "will" haipati pa kushika.

Angalia mtego mmoja hapo. "I don't know when the truck will arrive" ni sahihi, maana "when" hiyo ni swali: sijui lori litafika lini. Panapoingia "lini", "will" inabaki. Panapoingia "-po-" au "-ki-", iondoe.

"Litakuwa limefika" wala isikutishe, ni "will have arrived" moja kwa moja, hata kwa kubahatisha: "sasa hivi watakuwa wamefika", "they will have arrived by now".

Na "I'm coming"? Kwani wewe hujawahi kuinuka mezani ukasema "nakuja"?

– Kaka wa Ntinda

* * *

Jambo wote. Mimi ni wa Bukavu, nina duka Kikuubo. Mwalimu wetu ameruka "shall".

Hapa Uganda utaisikia kila siku, "we shall see", "I shall call you", na mdomoni haina tofauti na "will". Lakini kwenye mkataba wa nyumba ni kitu kingine. "The tenant shall pay rent on or before the fifth day of each month" haitabiri chochote. Ni amri: mpangaji lazima alipe. Soma mkataba wote ukihesabu ni "shall" ngapi za mpangaji na ngapi za mwenye nyumba, halafu ndipo utie sahihi.

Na kwa wanaojifunza Kiganda, sikio likae macho. Fundi akisema "tunaagenda" si "tunaenda" yetu, ni safari ya baadaye leoleo. Akisema "tuligenda" usidhani walishakwenda! -li- yao ni ya mbele, tena mbele ya mbali. Fundi wa bomba akikujibu kwa -li-, tafuta fundi mwingine.

– Mzee wa Kikuubo

* * *

Nawashukuru sana, kaka na mzee. Dawa ya "likifika" nimeshaijaribu kwenye barua mbili, zimerudi safi. La mwisho: "hadi Ijumaa" niandike "by" au "until"? Mteja mmoja ananisumbua na tarehe ya kulipa.

– Mgeni wa Bukoto

* * *

Ya kulipa ni "by Friday": siku yoyote, mradi Ijumaa isipite. "Until" ni ya kitu kinachoendelea mpaka siku hiyo: "The goods will stay in the warehouse until Friday." Ukimwandikia "pay until Friday" ni kama unamwambia alipe kila siku mpaka Ijumaa. Na kwa huyo mteja msumbufu, andika tarehe kamili na saa.

– Kaka wa Ntinda