"Howay" na "lah" ni aina gani ya maneno?

Mwalimu wa Kidato: Salaam, wanajukwaa. Ninafundisha Kiingereza, na juzi mwanafunzi mmoja mpenda mpira aliniuliza "howay" (yaani "haya, twende!"), neno wanalolipaza mashabiki wa Newcastle, ni aina gani ya neno. Nilimjibu kwamba ni simo, kisha nikajishtukia, kwa sababu simo si aina ya neno. Akaniongezea "lah" ya Singapore, nikazidi kuchanganyikiwa. Wanasarufi hutumia kigezo gani?

Mpenda Sarufi: Umejishtukia mahali penyewe, mwalimu. "Simo" na "ya kimaeneo" ni alama ambazo kamusi hulitia neno kueleza nani hulitumia na wapi, ilhali aina ya neno huamuliwa na mwenendo wake katika tungo. Kihisishi cha Kiingereza, yaani neno la kutoa hisia au kumwita mtu, hakibadiliki umbo, hakitawaliwi na neno lingine katika sentensi, na kinaweza kuwa kauli kamili peke yake. Kwa kigezo hicho, "och" ya Waskoti haina tofauti yoyote na "oh" ya kila Mwingereza.

Mwanaisimu Felix Ameka, katika makala yake ya mwaka 1992, alitenganisha vihisishi vya msingi, ambavyo havina kazi nyingine katika lugha, kama "ouch", na vya upili, vilivyotokana na maneno yenye maana nyingine. Simo nyingi za kimaeneo zina asili ya namna hii ya pili, hata kama wasemaji wamekwisha kuisahau: "strewth" ya Waaustralia ilikuwa kiapo cha kutaja ukweli wa Mungu, na "howdy" ya kusini mwa Marekani ilikuwa swali la kumjulia mtu hali. Hata "wallahi" yetu hutamkwa mara nyingi na mtu asiyekusudia kuapa.

Msomaji wa Lahaja: Ninakubali, ila "howay" inanitia shaka. Watu wa Newcastle husema "howay in" wanapomkaribisha mtu ndani, yaani neno hilo linafuatwa na kielezi kama kitenzi cha amri, lakini halina wakati uliopita wala nafsi. Mimi ningeliita kihisishi chenye tabia ya kitenzi, na nisingeona aibu kumwambia mwanafunzi kwamba mpaka wa makundi haya una ukungu. (Sunderland wao hutamka "haway", na usithubutu kuwasahihisha.)

Mpenda Sarufi: Hoja ya "howay in" ni nzito, naipokea. Kuhusu "lah", jaribio la kusimama peke yake linatosha: Msingapore husema "okay lah", lakini hatamki "lah" tupu akanyamaza. Huja mwishoni mwa kauli kuonyesha msisitizo, ubembelezi au kuchoshwa kidogo, kutegemea kiimbo, na ndiyo maana wanaisimu wengi huiita chembe ya mazungumzo. Ifananishe na "bwana" katika "acha bwana", ambapo hakuna bwana yeyote anayeitwa. "Eh" ya Wakanada ina pande mbili: ikitamkwa peke yake kwa sauti ya kupanda, kumtaka mtu arudie alichosema, ni kihisishi, ikifungia kauli kama "cold today, eh?", ni kidokezo cha kuomba kuungwa mkono.

Mwalimu wa Kidato: Nimeelewa, ahsanteni. Na "ey up" ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, je?

Msomaji wa Lahaja: Hiyo ni salamu, pia onyo la kumshtua mtu, na husimama peke yake bila taabu. Mwandikie kihisishi.