Mtahini anasema chui wangu wawili ni mmoja. Nimjibuje?

Mzamili_2: Shikamooni wakuu. Namalizia tasnifu ya uzamili, nahesabu chui kwa kamera za mtego, zile zinazojipiga zenyewe mnyama akipita. Mtahini wa nje kaandika: "Picha 7 na 19 zinafanana mno. Leta picha asilia." Nimjibuje kwa heshima? Utetezi ni Jumatatu.

Mzee Kibao: Marahaba. Si umpelekee hizo asilia?

BintiTanga: Watahini hao! Wangu alinizungusha miezi minane kisa majedwali. Nililia mpaka mama akadhani nimeachika.

FundiLenzi: Mzee kauliza la maana. Asilia unazo?

Mzamili_2: Ninazo. Ila 19 ni hiyohiyo 7, nimeigeuza kama ya kwenye kioo. Tembo alipondaponda kamera ya upande wa pili, nikakosa ubavu wa kulia. Lakini chui wa pili yupo, nilimwona kwa macho yangu! Nimeziambatanisha zote mbili muone.

FundiLenzi: Dogo, madoa ya kushoto na ya kulia hayafanani hata kwa chui mmoja. Ndiyo maana kamera hutegwa mbilimbili zikitazamana. Ulivyogeuza, umezalisha chui ambaye porini hayupo, na hesabu yako imeongezeka kichwa.

Popobawa: Mnamkumbuka yule Mbrazil, Marcio Cabral? Alishinda kundi moja la shindano la picha za wanyamapori la London 2017 kwa picha ya mla-mchwa usiku, kichuguu kinameremeta. 2018 wakamvua ushindi: wataalamu walimlinganisha na mnyama aliyekaushwa wa hifadhi ya Emas, hadi vishungi vya manyoya vikalingana. Mwenyewe alikana.

BintiTanga: Mungu anaona hata picha.

Kijiweni: Hii chai, tena ya maziwa. Kamera za mtego huchapa tarehe, saa na joto ukingoni. Ukigeuza picha, tarakimu zinasomeka kinyumenyume. Mtahini gani asizione?

Jirani: Leteni vitumbua 😂

Mzamili_2: Ukingo niliukata.

Mzee Kibao: Basi si chai. Mtunga hadithi asingekumbuka ukingo. Msimamizi wako anajua?

Mzamili_2: Hajui. Na msinilaumu, asubuhi nimeshamjibu mtahini. Nimemwambia ni mapacha.

FundiLenzi: Mapacha, na kila mmoja na jani lake limemlalia puani?