Mtoto mwenye pumu na mpango wa kutembelewa nyumbani: je, unatufaa sisi wa chumba na sebule?

Mama Swafiya (Tanga) ameuliza:

Assalam aleikum, na habari za jioni ndugu zangu. Binti yangu wa miaka 7 ana pumu tangu alipokuwa na miaka 4. Mwaka huu pekee tumemkimbiza hospitali usiku mara tatu. Kila mara huwekewa nebulaiza, ile mashine ya kugeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta, akapata nafuu, tukarudi nyumbani na inhela ya bluu, na baada ya wiki chache kifua kikambana tena. Tunaishi chumba na sebule, jiko la mkaa tunaliweka ukumbini pamoja na majiko ya wapangaji wenzetu, ukuta wa upande wa choo hushika ukungu kila masika, na mama mkwe wangu, ambaye ndiye anayeshinda na mtoto nikiwa sokoni, haoni kuwa nyumba ni nyumba bila kufukizwa udi.

Nimesoma kwamba katika baadhi ya miji ya Marekani familia zenye kipato kidogo hutembelewa na wahudumu wa afya wanaokagua mazingira anamolala mtoto na kumfundisha mzazi namna ya kutumia dawa. Je, mipango hiyo inasaidia kweli? Na katika hayo wanayoyafanya, mtu kama mimi aanze na lipi? Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu yuko tayari kuja, ingawa ameniambia wazi kwamba mafunzo yake yalihusu zaidi uzazi, chanjo na malaria.

Muuguzi wa Watoto (Dodoma) amejibu:

Waaleikum salaam, Mama Swafiya, na pole kwa kukesha. Mipango hiyo ipo na imechunguzwa. Huko Boston, hospitali ya watoto ilianzisha mpango wa namna hiyo mwaka 2005 kwa ajili ya watoto wa mitaa maskini waliokuwa wakilazwa mara kwa mara, na ripoti yake ya mwaka 2012, iliyohusu watoto 283, ilionyesha kwamba baada ya miezi 12 safari za kwenda chumba cha dharura zilipungua kwa asilimia 68 na kulazwa kwa asilimia 85 hivi. Mhudumu huja na mambo mawili kwa pamoja: anakagua nyumba, na anamwomba mzazi amwonyeshe kwa vitendo jinsi mtoto anavyovuta dawa.

Hilo la pili ndilo ningekuomba uanze nalo, kwa sababu katika maelezo yako kuna jambo limenishtua kuliko udi na mkaa: umetaja inhela ya bluu tu. Hiyo ni salbutamol, ambayo hulegeza misuli ya njia za hewa kwa saa chache, lakini haigusi uvimbe uliomo ndani ya njia hizo. Mtoto anayebanwa mara nyingi kiasi hicho huhitaji pia dawa ya kuzuia, kwa kawaida beclomethasone au budesonide, ambayo huvutwa kila siku hata akiwa mzima kabisa. Wazazi wengi huiacha wiki ya pili kwa sababu hawaoni tofauti ya papo hapo, na wengine huambiwa na majirani kwamba atakayeizoea hataiacha maisha yake yote, jambo ambalo si kweli. Nenda kliniki ukiwa na inhela yako mkononi na uulize waziwazi kuhusu dawa hiyo.

Jambo lingine ni spesa, yaani chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo wa mtoto. Mtoto wa miaka 7 akipuliziwa inhela moja kwa moja mdomoni, sehemu kubwa ya dawa huishia ulimini na kooni. Spesa ya dukani ni ghali, lakini uchunguzi uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri hufanya kazi sawa na ya kununua. Tundu lilingane na mdomo wa inhela, na pembeni pazibwe kwa gundi au utepe ili hewa isivuje. Ioshe kwa sabuni ya vyombo uiache ikauke yenyewe bila kuifuta, maana ukiifuta dawa itang'ang'ania kwenye plastiki. Tikisa inhela, bonyeza mara moja tu, mtoto avute na kutoa pumzi mara tano au sita kupitia mdomo wa chupa, ndipo ubonyeze tena. Akimaliza dawa ya kuzuia, asukutue mdomo.

Mpenda Takwimu (Nairobi) amejibu:

Nakubaliana na muuguzi kuhusu dawa, lakini takwimu za Boston zisomwe kwa uangalifu. Mtoto huandikishwa katika mpango kama ule akiwa katika kipindi chake kibaya kabisa, na wengi wa namna hiyo wangepata nafuu kiasi hata pasipo kutembelewa na mtu. Ushahidi ulio imara zaidi, kwa maoni yangu, ni wa Seattle, mji mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, ambapo kaya 274 zenye kipato kidogo ziligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilitembelewa mara saba katika mwaka mmoja, jingine mara moja tu. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Lile la ziara saba lilizidi katika kupunguza matibabu ya dharura na katika ubora wa maisha ya walezi, lakini katika idadi ya siku za dalili tofauti haikuwa ya kutegemewa. Kwa hiyo hata ziara moja ya mhudumu wenu, ikifanywa vizuri, si haba.

Naongeza tahadhari kuhusu jiko. Nchini Malawi watoto zaidi ya 10,000 walihusishwa katika utafiti wa majiko yanayopunguza moshi, na nimonia haikupungua. Najua nimonia si pumu, lakini familia isikope fedha ya jiko jipya huku dawa ya kuzuia haijanunuliwa.

Bi Zuhura (Mombasa) amejibu:

Mwanangu, mimi nami ni mama mkwe wa mtu, kwa hiyo niachie hili la udi. Usimwambie kwamba udi wake unamuua mtoto, maana hapo mtagombana na chetezo kitabaki palepale. Mpeleke kliniki pamoja na mtoto, asikie kwa muuguzi mwenyewe, kisha mwombe afukize nguo barazani wakati mtoto yuko shule, na chumba anacholala mjukuu kiachwe. Mimi nilikubali namna hiyo, na mjukuu ndiye aliyekuwa akinikumbusha. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo ni moshi, tumieni neti, na muifue, kwa sababu neti hukusanya vumbi.

Mama Swafiya (Tanga) amejibu:

Nawashukuru nyote, na wewe Bi Zuhura shikamoo. Tumerudi kliniki leo na mama mkwe akiwemo. Mtoto ameandikiwa beclomethasone, pumzi mbili asubuhi na jioni, na chupa nimetoboa mbili kwa sababu ya kwanza iliyeyuka kwa msumari wa moto. Nina maswali mawili: ukungu nitaufanyaje ilhali mwenye nyumba hasikii, na usiku nitajuaje kwamba sasa si wa kungoja asubuhi?

Muuguzi wa Watoto (Dodoma) amejibu:

Msumari mwembamba na moto kidogo, utazoea. Kuhusu ukungu, hamisha kitanda kutoka ukuta ule, usugue kwa maji ya sabuni mtoto akiwa nje, na dirisha lifunguliwe mchana. Ukarabati wa choo mdaini mwenye nyumba mkiwa wapangaji wote.

Usiku, mpe ya bluu kwa chupa kama kliniki ilivyokuandikia. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikidumbukia ndani anapovuta pumzi, midomo ikibadilika rangi, au nafuu isipodumu kwa muda wa saa tatu, ondokeni muda huohuo huku ukiendelea kumpa dawa njiani. Namba ya bodaboda unayemwamini iandike ukutani, karibu na kitanda, ili hata bibi aione.