Madereva wazee hawataki kutoa wanachokijua, niwaingieje?

dada_operesheni
Wakuu habari za jioni. Niko kampuni ya tour hapa Arusha, upande wa operesheni. Bosi karudi semina na habari ya kutunza maarifa ya kampuni, nikaambiwa nikusanye kila wanachokijua madereva wanaoongoza watalii na mafundi wa gereji kiingie kwenye kompyuta. Nikagawa fomu, zimerudi tupu, moja imeandikwa "kuwa makini barabarani" basi. Kuna mzee mmoja masika yote anapita Ndutu hakwami, ule udongo mweusi anausoma kwa kuangalia nyasi tu, kaniuliza "binti, nikishakuandikia yote mimi nabaki na nini?" Nikakosa jibu.

babu_wa_landcruiser
Binti, huyo mzee hajakataa, kauliza swali, mjibu. Aprili na Mei wageni wakipungua kila mtu anajua kampuni zinaanza kuangalia nani apumzike, na wa kwanza ni mwenye mshahara mkubwa. Sasa wewe umekuja na fomu kipindi hichohicho, anachoona pale ni kijana katoka chuo juzi kakalia usukani wake. Bosi aseme mbele ya watu wote kwamba hakuna atakayeachishwa kwa sababu hiyo, tena aandike.

mangi_soweto
Hata Xerox wa mashine za fotokopi yaliwakuta. Mafundi wao walikuwa wanafundishana kwa stori tu wakinywa kahawa, manyuali iko kwenye begi. Miaka ya 90 wakaanzia Ufaransa mfumo unaitwa Eureka, fundi anaandika ujanja wake, mafundi wenzake wanaukagua, ukipita unaingia na jina lake. Watu wakachangia kweli. Fomu yako ina jina la mwenye ujanja au nembo ya kampuni tu?

Kijiko_Nut
Jina halilipi ada mangi 😂 mpeni posho ya ualimu, apande na dogo safari nzima amfundishe njiani. Vingine haviandikiki, gia ya kuteremkia kreta ya Ngorongoro utaielezaje kwa fomu?

mama_D
Halafu mtu katoka Serengeti kala vumbi wiki nzima unampa karatasi, jamani! Mfuate gari likioshwa, mletee chai, muulize tulipanga nini, kimetokea nini, kwa nini vimetofautiana. Ni maswali ya jeshi la Marekani hayo wanaulizana wakimaliza kazi. Rekodi kwa simu ila omba ruhusa kwanza, halafu mrudishie asikilize, apunguze asichotaka kitoke.

dada_operesheni
Shikamoo babu, na asanteni wote. Fomu nimezifungia kabatini. Kesho naanza na bosi kabla ya madereva, na hiyo ya posho najua atakunja uso. Mama D, fundi wetu wa gereji haongei kabisa, anafungua boneti anaondoka, huyo naye nimrekodi nini?

mama_D
Mikono yake. Video.