Uvimbe wa taya usiouma: kaka yangu afanyeje?

Binti wa Nansio
Shikamooni wakubwa. Kaka yangu anashona nyavu hapa Nansio. Taya lake la chini, upande wa kulia, linavimba polepole tangu mwaka juzi. Haliumi, ndiyo maana kalipuuza. Zahanati moja walimng'oa gego wakidhani limeoza. Sasa meno ya jirani yanacheza na uvimbe uko palepale. Mtaani wanasema karogwa, mama analia akidhani ni saratani. Kuna aliyewahi kuona kitu kama hiki?

Fundi Mitumbwi, Igombe
Pole sana, mdogo wangu. Mimi niliupata, ukaitwa ameloblastoma. Ulianzia nyuma ya gego la mwisho. Nikibonyeza kwa kidole, mfupa ulibonyea na kualika kama ganda la yai. Eksirei ikaonyesha taya limejaa vyumba vyumba vyeusi. Hospitali ya Bugando, Mwanza, hawakuishia kwenye picha, walikata kipande kidogo cha nyama ya uvimbe wakakipima kwanza. Si saratani, ila unakula mfupa, na ukikwanguliwa tu hurudi. Kwa hiyo walikata kipande cha taya pamoja na mfupa mzima kidogo pembeni, wakaunga kwa bamba la titani. Nakuomba sana, asichanjwe chale za kienyeji, wala asing'olewe jino jingine kabla ya picha.

Tabibu wa Meno, Nyamagana
Fundi kasema kweli. Kukua polepole bila maumivu, meno kucheza au kuhama, ndivyo uvimbe huu unavyojitokeza. Lakini uvimbe wa taya upo wa aina nyingi. Odontoma, uvimbe wa vitu vya jino vilivyoota ovyo, kwa mfano, ikitolewa kwa kawaida hairudi, kwa hiyo operesheni yake hailingani na ya ameloblastoma. Kipimo cha kipande cha nyama ndicho kitakachoamua.

Huku ziwani kinachotukimbiza zaidi ni taya la mtoto linalovimba ndani ya siku chache. Hiyo huweza kuwa limfoma ya Burkitt, aliyoielezea Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda. Ni saratani, na ikiwahiwa kwa dawa watoto wengi hupona. Ya kaka yako haifanani nayo. Hata hivyo mdomo wa chini ukifa ganzi, au uvimbe ukianza kukua kwa kasi, asingoje. Na akishapasuliwa asikimbie kliniki: ameloblastoma huweza kurudi hata baada ya miaka 10.

Binti wa Nansio
Mungu awabariki. Jumatatu anapanda meli kuja Mwanza, mama atamsindikiza. Kaka Fundi, ugali uliweza kula tena?

Fundi Mitumbwi, Igombe
Mwanzoni ni uji na mchuzi wa sangara tu. Sasa ugali nakula vizuri, dagaa wakavu nawatafunia upande mzima. Mkifika, aje na eksirei yoyote ya zamani aliyonayo.